Kibao Kinasema Tani 10, Lori Tupu Lina Tani 12

BARABARA YAKO: maswali ya wasomaji. Anajibu fundi mstaafu wa barabara, Mwanza.

Swali

Shikamoo mzee wangu. Mimi nina genge njia panda ya kijiji chetu, wilaya ya Magu, nauza nyanya, vitunguu na dagaa. Barabara yetu ni ya changarawe, nyembamba, magari mawili makubwa hayapishani mpaka moja lirudi nyuma. Tangu waanze kuchota mchanga kule mtoni, malori ya tairi kumi yanapita hapa kuanzia alfajiri, mchanga bado unachuruzika maji. Mwanzo wa barabara kuna kibao cha tani 10, wameshakigonga kimeinamia mtaroni. Kalavati la pili limebonyea katikati. Majuzi mama mjamzito alikuwa anapelekwa kituo cha afya kwa bodaboda, ikabidi ashushwe avuke pale kwa miguu. Ukiwauliza madereva wanasema tani 10 ni za mzigo, gari halihesabiwi. Wengine wanasema wameshalipa ushuru kijijini, tusiwasumbue. Vijana wa sungusungu wanataka kukata barabara kwa mtaro, na mume wangu yumo. Nani ana haki hapa, na sisi tufanye nini?

*Mwenye genge, Magu*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na mumeo na wenzake, maana hilo halingoji toleo lijalo: wasichimbe. Nimeshaona barabara iliyokatwa na wanakijiji wenye hasira. Malori yalizunguka yakapita katikati ya shamba la mihogo la bibi mmoja, na waliokwama ni bodaboda, baiskeli za maji na gari la wagonjwa. Halafu mkono wa sheria ukija, haumtafuti dereva aliyeko Igoma. Unamtafuta aliyeshika jembe, ambaye nyumba yake inajulikana. Barabara hiyo iko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Anayeikata ameiharibu sawasawa na anayeibonyeza.

Sasa kibao. Alama ya duara yenye ukingo mwekundu na tani zilizoandikwa katikati inahesabu gari zima lilivyo barabarani: chuma, mafuta, dereva, tandiboi wake na kila kilichomo kwenye bodi. Madereva wanalijua hilo. Hayo ya "tani 10 za mzigo" ni maneno ya kijiweni.

Lakini nikwambie na jambo ambalo wenye malori hawatakwambia, na pengine ofisi nazo hazitakwambia. Tipa ya tairi kumi, tupu kabisa, bila hata ndoo moja ya mchanga, ina uzito wa tani 12 hivi. Kwa hiyo likiingia kijijini kwenu kufuata mzigo limeshavunja amri ya kibao, kabla halijapakia. Fuso ya ekseli mbili ina kama tani 6 ikiwa tupu. Kwa kibao chenu inabakiwa na tani 4, yaani mchanga mbichi wa mita 2 za ujazo na kidogo tu. Hakuna mtu atakayetoka Mwanza mjini kuja Magu kuchukua mita 2 za mchanga. Ina maana kijiji kimeruhusu machimbo kwa mkono mmoja, na barabara ya kufika machimbo imepigwa marufuku kwa mkono mwingine. Katikati hapo kila mtu ameamua kutokukiona kibao, wakiwemo viongozi wenu wanaokata stakabadhi. Mkiendelea kupigania kibao peke yake, mtakuwa mnapigania kitu ambacho kila mkubwa ana sababu ya kukipuuza.

Mimi ningepigania mahali lori linapopakiwa.

Tufanye hesabu, nawe umsomee mwenyekiti. Chukua bodi ya kawaida ya tipa: urefu mita 5.6, upana mita 2.3, kina mita 1.2. Ikijaa usawa wa bodi bila kichuguu juu, hizo ni mita za ujazo 15 na nusu. Mchanga uliotoka mtoni unachuruzika, kama ulivyosema mwenyewe, una tani 1.9 kwa kila mita ya ujazo. Mzigo ni tani 29. Ongeza gari tupu tani 12: tani 41 zinapita mbele ya genge lako.

Je, kwenye barabara kuu ya lami lori hilo lingeruhusiwa tani ngapi? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya kudhibiti uzito wa magari mwaka 2016, na Tanzania ikaanza kuitumia mwaka 2019. Ekseli ya mbele ya usukani mwisho tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne, tani 10. Ekseli mbili za nyuma zilizokaa pamoja, tani 18. Tatu za pamoja, tani 24, na gari refu kuliko yote halivuki tani 56. Tairi kumi ina ekseli ya mbele na mbili za nyuma: 8 na 18, jumla 26. Kwa hiyo lori la tani 41 lingekuwa limezidisha tani 15 hata pale kwenye lami nene ya kwenda Musoma. Na wewe unaniambia linapita kwenye changarawe.

Utauliza mbona mizani hailikamati. Mizani iko barabara kuu. Mchanga unatoka mtoni, unapita kijijini, unakatiza kwenye lami kipande kifupi na kumwagwa kwenye kiwanja cha mtu anayejenga. Mara nyingi haukutani na mizani hata moja.

Wenye malori wana hoja moja wanayoipenda sana: "Mzee, afadhali tujaze mara moja kuliko kupita mara mbili." Inaingia akilini haraka, ndiyo maana inawashinda wengi kwenye mikutano. Jibu lake lilipatikana zamani, kwenye majaribio makubwa yaliyofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960. Malori yalizungushwa usiku na mchana kwenye barabara zilizojengwa kwa ajili ya kuharibiwa. Wakaona kwamba uharibifu haupandi sawa na uzito. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu unapanda kama mara 16. Kwa lori lenu, zile tani 41 zikigawanyika, ekseli mbili za nyuma zinabeba kama tani 32 badala ya 18. Piga hesabu hiyo, unapata uharibifu wa karibu mara kumi. Tajiri amebeba mchanga mara mbili, barabara imeumia mara kumi. Angepita mara mbili kwa uzito halali barabara ingeumia mara mbili tu. Na majaribio yale yalikuwa ya lami na zege. Kwenye changarawe iliyolowa sina haja ya hesabu, kalavati lako limeshajibu.

Tukae kidogo hapo kwenye kalavati, kwa sababu ndipo nilipomaliza nusu ya umri wangu wa kazi. Bomba la zege haliogopi sana mzigo. Linaogopa kukaa uchi. Udongo ulioshindiliwa juu yake ndio unaotawanya uzito wa tairi ili usiangukie sehemu moja. Bomba la kipenyo cha sentimita 90 sisi tulikuwa tunalidai kifuniko cha sentimita 60, na fundi aliyeleta ubishi alifukua upya. Sasa kila mwaka greda linapita, linakwangua kidogo. Mvua inakwangua kidogo. Malori yanasaga changarawe inakuwa vumbi, unalifuta kwenye nyanya zako. Baada ya miaka michache kifuniko kimebaki sentimita 20, na siku hiyo ndiyo inakuja tairi kumi. Nenda na futi, pima kutoka uso wa barabara hadi mgongo wa bomba pale pembeni kwenye ukuta wake. Chungulia ndani na tochi: ukiona ufa unaotembea juu kwa urefu wa bomba, na mwingine chini, bomba limeshapasuka na linashikiliwa na udongo. Hapo pasipite hata trekta la maji mpaka TARURA wafike. Vijana wa sungusungu wakae pale, waweke matawi na mawe ya kuonekana kutoka mbali, waelekeze watu. Hiyo ndiyo kazi ninayowapa badala ya jembe.

Na udongo wenu nadhani naujua. Ukishuka kutoka kwenye mawe unapita luseni, kile kichanga kinachokausha haraka, halafu unaingia mbuga. Udongo mweusi wa mbuga kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unaingia. Ukinyeshewa unavimba na kulainika, na changarawe uliyomwaga juu inamezwa. Lori hilohilo linaloacha alama ndogo mwezi wa nane linaweza kuimaliza barabara asubuhi moja ya masika. Kazini nilikuwa na kipimo changu: nakanyaga kwa kisigino cha buti kwenye njia ya tairi. Kisigino kikizama, nafunga barabara kwa malori, akasirike anayekasirika. Muombeni meneja wa TARURA wa wilaya geti la mvua mahali barabara inapoingia mbuga, lenye kufuli na ufunguo kwa mtendaji wa kijiji. Gari la wagonjwa na magari madogo yapite, mchanga ungoje. Mchanga hauozi.

Nirudi machimboni. Mmesema wanalipa ushuru kijijini. Wanalipa kwa kipimo gani? Nina hakika ni kwa tripu. Basi kijiji chenyewe ndicho kinachowafundisha kujaza. Kama tripu ya nusu bodi na tripu yenye kichuguu zinalipa sawa, hata mimi ningeweka kichuguu. Mnailalamikia lumbesa, ule ujazo wa kupitiliza kwenye magunia ya viazi na mpunga, kwa sababu mkulima ananyonywa; hii nayo ni lumbesa, anayenyonywa ni kalavati. Badilisheni mtoze kwa mita ya ujazo.

Kisha mchoreni mstari. Kwa tipa ya vipimo nilivyotaja, uzito wa tani 26 unaacha nafasi ya mchanga wa tani 14, ambao ukiwa mbichi ni mita za ujazo 7 na kitu. Kwenye bodi hiyo ni kimo cha sentimita 57 kutoka sakafuni. Futi inatosha, mizani ya mamilioni haihitajiki. Kila lori linalotaka kuchota kwenu lipimwe bodi mara moja, lipigwe mstari wa rangi ndani pande zote, na karani anayekata stakabadhi apande achungulie. Mchanga umepita mstari, hakuna stakabadhi. Bodi ikiwa ndefu zaidi au pana zaidi mstari unashuka. Mwalimu wa hesabu wa shule yenu atawapigia hesabu hiyo kabla chai haijapoa.

Kuna na nafuu ya bure ambayo haidaiwi na mtu. Mchanga ukichotwa, ulazwe kwenye lundo usiku mmoja uchuje maji. Mita moja ya ujazo inashuka kutoka tani 1.9 kuelekea 1.6. Kwa mzigo wa mita 7 hizo ni tani 2 za maji ambazo tajiri alikuwa anazisafirisha mpaka mjini na kuzimwaga njiani kwenye barabara yenu.

Lundo hilo lisikae ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto na wa ziwa. Kama shimo lenu liko ndani ya hizo mita 60, na kwa maelezo yako naona liko, kijiji kinakusanya ushuru mahali ambapo hakitakiwi kuwa. Mchanga ni madini ujenzi, mchimbaji lazima awe na leseni. Kabla hamjamwandikia mtu barua kuhusu malori, mwenyekiti aiombe leseni hiyo aione kwa macho yake. Nasema hivi kwa sababu mkienda wilayani kushitaki uzito wa malori, swali la kwanza mtakaloulizwa ni nani aliruhusu shimo.

Baada ya hapo itisheni mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kuandaa sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982. Mkutano mkuu unaijadili, halmashauri ya wilaya inaiidhinisha, ndipo inapokuwa na meno. Ndani yake wekeni mstari wa bodi, malipo kwa ujazo, saa za kupita ili watoto wawe wameshafika shule, na kufunga wakati wa mvua. Wenye malori waalikwe. Wakubali kuleta moramu kiasi fulani kila msimu, na makubaliano hayo TARURA wayajue, maana moramu ikimwagwa bila greda na bila kushindiliwa ni vumbi la mwakani.

Tena usidanganyike na macho. Mwezi wa sita utaona lori la pamba limefunika mpaka nyaya za umeme, kila mtu anapiga kelele. Pamba ni jumba kubwa la hewa. Lile tipa la mchanga lililokaa kimya, limefunikwa turubai, ndilo la kuogopa. Angalia springi zake za nyuma: zikiwa zimenyooka au zimekunjika kinyume, na tairi za ndani zinagusana matumbo, huhitaji futi.

Swali

Mzee heshima yako. Mimi ni suka, yaani dereva wa tipa, naishi Buhongwa. Toleo lililopita uliandika kwamba madereva wa mchanga "wanaendesha kama barabara ni ya shemeji". Sisi tunasemwa kila siku. Tajiri anahesabu tripu, haulizi tani. Mteja akiona bodi haijajaa anasema nimeuza nusu njiani. Mafuta tunalipia tozo ya barabara. Tandiboi ananitegemea mimi. Nikigoma leo, kesho funguo ana mwingine. Sasa kosa langu ni lipi?

*Suka, Buhongwa*

Jibu

Ndugu yangu suka, nimekusikia, na mengi uliyosema ni kweli. Ile ya shemeji siifuti lakini naipunguza: inamfaa zaidi tajiri wako, ambaye barabara ya Magu hajaikanyaga.

Kuhusu tozo, ni kweli mafuta yako yana pesa ya barabara ndani yake. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Tuseme tripu moja ya mchanga inakula lita 20: kwenye ile mia umechangia shilingi 2,000. Moramu ya shilingi 2,000, iliyochimbwa, ikaletwa, ikamwagwa na kushindiliwa, unaijaza kwenye toroli. Umepita na tani 41 ukatoa toroli. Na yule mwenye bodaboda ametoa mia yake vilevile kwa kila lita, yeye hajabonyeza kitu.

Mteja anayesema umeuza nusu njiani ni tatizo la bei ya tripu, lilelile la kijijini. Auziwe kwa mita ya ujazo. Fundi wake wa zege anajua anataka mita ngapi, hakuna fundi anayepima kwa tripu. Ule mstari wa rangi ndani ya bodi utakulinda wewe kuliko mtu mwingine yeyote: mchanga ukiondoka kwenye mstari ukafika kwenye mstari, hakuna wa kukuita mwizi.

Wenzako wa masafa marefu wameshagombana sana na serikali juu ya uzito. Utakuwa unakumbuka Oktoba 2013, Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi, alipoifuta nafuu ya kuzidisha uzito kwa asilimia 5. Malori yakagoma, foleni kwenye mizani, mpaka Waziri Mkuu Pinda akaingilia kati. Ugomvi wote ule ulikuwa wa asilimia 5. Wewe na tani zako 41 mahali pa 26 umezidisha karibu asilimia 60, na hakuna aliyegoma wala kugomewa, kwa sababu unapita vichochoroni.

Kosa lako lipi basi? Uzito umeshapangwa na mtu mwingine, sawa. Lakini kuna mambo yako mwenyewe ndani ya kabini. Tipa lina upana wa mita 2.5, na barabara nyingi za vijiji hivi zina mita 4. Ukikutana na mama na ndoo kichwani, usimsukumie mtaroni kwa honi, simama, apite. Bega la barabara usilikanyage ukiwa umepakia, ni udongo usioshindiliwa, likimeguka mtaro unaziba na maji yanahamia katikati ya njia. Kalavati lipite katikati, polepole, kwa gia ndogo. Ukilirukia kwa kasi tairi linashuka kama nyundo, uzito unaongezeka palepale. Usifuate mfereji wa tairi uliochimbwa na mwenzako. Barabara ikiwa kavu sogea kidogo, maumivu yagawanyike. Na breki za gari la tani 26 hazijui kama leo una 41. Mteremko wowote wa mawe kuingia Kisesa au Buhongwa unakujibu hilo wewe na watu wote walioko mbele yako.

Sheria ikikufikia, trafiki hamwandikii tajiri kwanza, anakuandikia wewe, leseni ni yako. Mwambie tajiri kwa ujumbe wa maandishi kwenye simu, siyo kwa mdomo: "Bosi, mchanga huu umepita mstari, naomba uthibitishe nipakie." Wengi watanyamaza. Utunze ukimya huo kwenye simu yako.

Swali

Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa kijiji chenye mwalo, upande wa Sengerema. Barabara ya kwenda mwaloni ni fupi lakini malori ya samaki na ya mbao yameitafuna. Tumechanga pesa tunataka kusimika nguzo mbili za chuma na goli juu, ili malori makubwa yasiingie. Je, tunaruhusiwa?

*Mwenyekiti, Sengerema*

Jibu

Bila kibali cha TARURA, hapana. Nguzo mkizisimika wenyewe ndani ya eneo la barabara, siku pikipiki itakapozigonga usiku mtaitwa nyinyi, pamoja na orodha ya michango mliyoiandika kwa mkono.

Mkipewa kibali, fikirieni kwanza goli litazuia nini. Goli linapima kimo na upana, halipimi tani. Lori la dagaa wakavu lenye turubai refu litakwama. Fuso fupi iliyojaa mbao mbichi mpaka ekseli inalia itapita chini yake. Gari la barafu linalowapa wavuvi wenu pesa nalo ni refu. Mtakuwa mmewafungia wale msiotaka kuwafungia.

Barabara za mwaloni zina jambo lao. Ziwa lilipopanda mwaka 2020, na tena 2024, maji yalikaa chini ya barabara nyingi za ufukweni kwa miezi. Hata maji yanapoondoka juu, chini bado kumelowa, na barabara iliyolowa chini haibebi kitu hata ikionekana kavu. Kama kipande chenu kilizama miaka hiyo, malori yanalaumiwa kwa kazi ambayo nusu yake ilifanywa na ziwa. Kinachohitajika hapo ni kuinua tuta la barabara na kuweka makalavati ya kutosha maji yavuke upande wa pili.

Kwa pesa mliyochanga, ningefanya hivi. Tafuteni kiwanja kwenye ardhi ngumu kabla ya barabara kushuka mwaloni, malori makubwa yaishie hapo, mzigo upande kwa gari dogo au guta. Wavuvi watalalamika juu ya gharama ya kupakia mara mbili. Vijana wa kupakia hawatalalamika. Muhtasari wa mkutano mkuu, picha za barabara na futi ikiwa imelazwa kwenye shimo ili kina kionekane, vyote viambatanishwe na barua kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Msiipeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri kwa mazoea ya zamani; barabara hizi zilihamia TARURA tangu Julai 2017, na barua nyingi za vijiji bado zinalala kwenye meza isiyo yake. Nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani. Ipigwe muhuri wa kupokelewa mbele yenu, na nakala yenye muhuri abaki nayo katibu, siyo mwenyekiti.